Baba, Sikuwahi Kufika Kifundoni

Baba,

Barua zetu zote zilianza kwa njia moja. Wewe ulisema mimi mzima, hofu ni kwako. Mimi nikajibu mimi pia mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Leo nimekaa na kalamu karibu saa nzima na sijui nianzeje, kwa sababu wewe si mzima, na hofu yote iko kwangu.

Wacha nianze na udongo.

Siku ya kukuzika, pasta aliita watoto waje watupe udongo. Mumbua alienda kwanza. Aliinama, akajaza kiganja chake kidogo, akatupa, akarudi akilia. Halafu ikawa zamu yangu. Rundo la udongo lilikuwa karibu na miguu yangu, jekundu, bado bichi, na sikuweza kulifikia. Nilijaribu, Baba. Mikono ilishuka mpaka magotini ikasimama hapo kama mtu ameifunga kamba kutoka nyuma. Watu wote wa Kalamba walikuwa wananitazama. Nilisikia mtoto mdogo akiuliza, "Mbona huyu hainami?" halafu nikasikia amefinywa. Anti Syombua ndiye aliyeniokotea, akanitilia kiganjani, lakini sikuvifumba vidole, udongo ukapita kati yake ukaniangukia kwenye viatu. Kaburini haukuingia hata punje. Nilirudi mahali pangu na udongo wako juu ya viatu vyangu, na hata kuupangusa sikuweza.

Watu walinihurumia. Walisema maskini, ametoka kupasuliwa mgongo majuzi. Wote walisema hivyo isipokuwa mmoja, na huyo ndiye aliyenimaliza. Mzee Kioko. Yule mliyekaa naye chumba kimoja kambini, kwenye kazi ya barabara.

Walikuja wenzako sita asubuhi ile, wamekuleta na lori. Kabla hata ya kuonyeshwa mahali pa kukaa, Mzee Kioko alikuwa anauliza, "Mwende ni nani hapa?" Nikasukumwa mbele, unajua ninavyokuwa nikisukumwa mbele. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akawa anacheka na machozi yanatoka. "Kumbe wewe ndiwe wa kifundoni! Baba yako alikuwa anatusomea barua zako wakati wa chai, mpaka sisi wenyewe tunaulizana, huyu msichana wiki hii amefika wapi? Goti, muundi, kifundo cha mguu. Vimebaki vidole tu! Hebu inama kidogo, mama, tuone, tupeleke habari njema kambini, kwa maana leo hatuna nyingine."

Nilimwambia, "Baadaye."

Basi alipata kuona. Pale kaburini, mikono yangu ilipokwama magotini, niliinua macho na yeye ndiye niliyemwona. Alinitazama. Halafu akaanza kuitazama kofia yake.

Baba, sikuwahi kufika kifundoni. Sikuwahi hata kufika muundini. Tangu siku uliyoondoka hapa na mfuko wako mimi sikushuka hata upana wa kidole. Yote niliyokuandikia yalikuwa uongo.

Nimeyaandika. Nimeyasoma tena. Ni kweli nimeyaandika.

Wewe unakumbuka tulivyoanza? Mimi nakumbuka kila kitu, ndiyo shida. Nakumbuka siku nilipoanguka nikitoka mtoni, mtungi mgongoni na mukwa kwenye paji la uso, ule ukanda wa ngozi aliobebea susu, nyanya yetu, na anaobebea Mama hadi leo. Nikateleza kwenye mteremko, mtungi ukanivuta nyuma kwa kichwa, nikaangukia juu yake. Halafu mguu wa kushoto ukawa si wangu. Nakumbuka hospitali, walivyosema kuna kitu kimetoka mahali pake kati ya mifupa ya mgongo kinabana mshipa, lazima kitolewe. Nakumbuka nikiamka na wewe umekaa pale kando ya kitanda na kofia yako magotini, umelala na macho wazi.

Na nakumbuka ile karatasi. Daktari wa mazoezi alitupa karatasi yenye picha za mtu asiye na uso, amelala chali, magoti juu, mishale kila upande. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Nikakusomea kwa Kiswahili, wewe ukamwambia Mama kwa Kikamba, na kufika kwa Mama zoezi lilikuwa limegeuka jambo lingine. Mama alidhani natakiwa kukumbatia magoti na kuomba. Ulicheka mpaka ukakohoa. Yule daktari alikuwa ametueleza kwa mdomo pia: nyama ya ndani ikipona inashikana. Ukiivuta ikiwa bado laini, inapona ikiwa ndefu. Ukiiacha, inapona ilivyo, fupi na ngumu, na ni miezi ya kwanza tu ambayo inakubali kuvutwa. Asubuhi mara kumi, jioni mara kumi, kila picha.

Ulikuwa na wiki tatu za likizo. Ulitandika magunia nyuma ya ghala, ukanipa suruali yako ya kaki ya kazini. Mimi nikaona aibu, msichana na suruali ya baba yake, nikasema nitafanya na sketi. Ukasema, "Na sketi utafikiria sketi, hutafikiria mgongo." Halafu ukalala na wewe. Mtu mzima, baba ya watu, ukalala chali kwenye gunia kando yangu na kuvuta magoti kifuani. Ulikuwa mgumu kuliko mimi! Ukasema tuko kama kobe wawili waliopinduliwa. Mama Nduku akapita kwenye njia na ndoo yake, akasimama: "Baba Mwende! Na wewe ulipasuliwa?" Ukamjibu kutoka pale chini, "Bado, natangulia kujifunza." Akaenda akicheka peke yake mpaka kule mbele.

Uliniambia nihesabu kwa sauti. Nikahesabu kwa sauti ya moyoni. Ukasema, "Mwende, hata namba unazionea haya?"

Wiki ya tatu niliweza kusimama na kuteremsha mikono kwenye mapaja mpaka ikagusa magoti. Ilichoma mgongoni kama maji ya moto, nikalia, na ukapiga makofi. Ukasema, "Goti tumepata. Sasa kuna muundi, halafu kifundo, halafu vidole vya miguu. Niandikie kila ukiteremka." Kesho yake ukaondoka.

Sasa sikia yaliyotokea. Sitajitetea.

Siku nne nilifanya peke yangu pale nyuma ya ghala. Siku ya tano mwethya, kile kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi, ulikuja kuchimba matuta kwenye shamba la jirani, lile la upande wa chini. Wanawake kama ishirini, majembe juu, wanaimba. Kutoka pale wanaliona ghala letu lote. Nami nimelala chali na suruali ya kaki, miguu hewani. Wimbo ukakatika. Mmoja akaita, "Ee, huyo anasubiri nini hapo, mvua?" Mwingine akasema kwa sauti ya chini ambayo si ya chini, "Huko hospitali kumbe wanawafundisha kuzaa kabla hawajaolewa." Wakacheka wote. Sidhani walikuwa wabaya, Baba. Ndio hao hao waliotubebea maji ulipokufa. Lakini mimi, ambaye hata mwalimu akiita jina langu darasani sauti inanipotea, niliona afadhali ardhi ifunguke. Sikuweza kuinuka haraka. Hilo ndilo hawakujua. Ilibidi nigeuke ubavu, nisukume na kiwiko, nipige magoti, nishike ukuta, na wao wanatazama. Ilichukua muda mrefu sana.

Nikaingia ndani. Kesho yake nikasema nitafanya ndani. Ndani nikalala kwenye kitanda nikatazama mabati. Nilifanya mara mbili, nikaacha. Kesho yake mara moja. Halafu sikufanya.

Lakini wacha niseme yote, kwa sababu nikificha hata kidogo hii barua itakuwa kama zile nyingine. Haikuwa aibu peke yake. Ilikuwa inauma. Ulipokuwepo ilikuwa inauma na wewe upo. Ulipoondoka ikawa inauma tu. Wale akina mama walinipa sababu nzuri ya kutoumia, nikaishika. Mama akiuliza kutoka jikoni, "Umefanya?" nilijibu ndiyo. Yeye anaondoka alfajiri mtoni, anarudi amebeba maji ambayo yangekuwa yangu, atanichunguza saa ngapi?

Halafu ikafika siku ya kukuandikia. Nilitaka kusema ukweli. Haki ya Mungu nilitaka. Niliandika, "Baba, nimekwama," nikaona uso wako ukiisoma, nikaichana. Nikaandika, "Baba, nimepita goti kwa vidole viwili." Nilichagua vidole viwili ili ionekane kweli.

Ukajibu upesi namna ile! "Mwende binti yangu, vidole viwili si kidogo. Usikimbie, teremka polepole, mgongo si wa kushindana nao." Niliisoma mara nyingi sana, nikafurahi. Unaweza kuamini? Nilifurahi kama vile nilikuwa nimepita kweli. Nikaandika tena. Katikati ya muundi. Ukajibu. Chini ya muundi. Ukajibu, ukasema wenzako wananisalimu. Sikujua ni salamu za namna gani, nilidhani ni zile za kawaida tu. Barua ya mwisho niliandika, "Baba, kifundo hiki hapa." Ukasema ukija mwezi wa kumi utakaa kwenye kiti kama bwana mkubwa nami nitakufunga kamba za buti.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilihesabu wiki. Nikasema nitaanza Jumatatu, nitafanya mara mbili ya zile zilizoandikwa, akija atakuta nimefika kweli. Jumatatu nikajaribu. Magoti yenyewe yalikuwa magumu kufikia. Nikasema Jumatatu nyingine.

Hukufika mwezi wa kumi. Homa siku tatu, wakasema. Siku tatu tu, na wewe ni mtu wa kubeba mawe ya barabara. Ujumbe ulipofika pale dukani Mama alikaa chini kwenye vumbi mbele ya watu, na mimi, unajua nilichofikiria kwanza kabisa? Kabla ya kulia? Nilifikiri: basi hataona.

Nisamehe. Lakini ndicho nilichofikiria. Kilio kilikuja baadaye, na hakijaondoka.

Sasa nikuambie hali ya hapa. Mvua imenyesha vizuri, ile uliyokuwa unaisubiri. Mama anapanda peke yake, mahindi na kunde, na mbaazi kule ukingoni. Mumbua anamsaidia akitoka shule. Mimi nakaa kwenye kiti mlangoni nachambua mbegu, kazi ya ajuza. Anti Syombua alikaa nasi tangu mazishi mpaka juzi. Alisema mgongo uliopasuliwa hauchezewi, akanifunga leso tumboni mara mbili, akakaza kama anafunga mzigo, akaniambia nilale. Nililala, Baba. Wiki kama tano. Ile leso ilikuwa nzuri, ilinishika kama mtu, na hakuna aliyeniuliza kitu. Nilipojaribu kuinuka sawasawa nikakuta nimekuwa kama ubao wa kupigia pasi. Mumbua ananivisha soksi. Ana miaka tisa. Ananiosha miguu kwenye karai, ananikata kucha, na ananiambia, "Tulia, unatikisika." Shule ilifungua bila mimi. Sijui kama nitarudi. Kitanda changu cha bweni labda kina mtu mwingine, anasoma Kiingereza changu.

Hayo ni ya kawaida. Lililonifanya nichukue kalamu ni hili.

Alhamisi Mama alinipeleka kliniki. Ni ile safari uliyokuwa unipeleke wewe, kadi ilisema baada ya miezi mitatu, tukachelewa kwa ajili ya msiba. Ni yule yule daktari wa mazoezi. Akaniambia niiname. Nikaishia mapajani. Akasukuma kidogo kwa kiganja, nikapiga kelele. Akapima mguu wa kushoto kwa pini, kuna sehemu sikusikia. Uso wake ukabadilika. Akamuuliza Mama, "Amekuwa akifanya mazoezi?"

Mama akasema, "Kila siku, daktari! Hata barua alikuwa anamwandikia baba yake, amefika hapa, amefika hapa." Akasema kwa fahari. Ndiyo fahari pekee aliyokuwa nayo siku hiyo, na gauni lake jeusi.

Daktari akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, kama anafungua mlango kidogo ili nipite: ni kweli?

Nikasema ndiyo.

Baba, nilisema ndiyo. Mama amesimama pale. Ningesema nini?

Akaita daktari mkubwa, yule wa kupasua. Wakaangalia picha ya eksirei dirishani, wakaongea kwa Kiingereza kwa sababu ya Mama, wakasahau kwamba mimi nakisoma shuleni. Nilisikia kila neno. Kwamba kama mtoto amefanya mazoezi miezi yote hii na bado ni mgumu namna hii, basi kuna kitu kinabana tena ndani. Kwamba itabidi wafungue mara ya pili. Kwamba mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, kovu juu ya kovu, na mguu wa kushoto unaweza kukataa kabisa. Halafu wakamgeukia Mama kwa Kiswahili wakamwambia, tuletee mtoto Jumatatu na blanketi lake, tutafungua tena tuangalie. Ya mguu hawakumwambia. Njiani Mama aliniuliza, "Wale walikuwa wanasema nini kirefu hivyo?" Nikamwambia ni mambo ya dawa.

Kwa hivyo Jumatatu watanipasua kwa sababu ya barua zangu. Ndani hakuna kilichoharibika. Wanatafuta kitu ambacho mimi najua hakipo. Au labda kipo, sijui tena, labda nimekaa kwenye uongo mpaka umekuwa ugonjwa kweli. Nikinyamaza, watakata. Nikisema, Mama atajua kwamba wewe ulikufa ukijua jambo ambalo halikuwepo. Anasimulia, Baba! Wageni wakija kutoa pole anawaambia, angalau alienda akijua mtoto anainama. Ndicho anachokishikilia. Nikimnyang'anya hicho atabaki na nini?

Jana nilijaribu kusema mara tatu. Mara ya kwanza Mumbua aliingia. Mara ya pili Mama alikuwa anafunika mbegu na nikaona mgongo wake, jinsi anavyoinama pale shambani kutoka kiunoni, moja kwa moja, kama bawaba iliyopakwa mafuta, na maneno yakarudi tumboni. Mara ya tatu sikuwa na sababu. Niliendelea tu kuchambua mbegu. Kuna wakati nimewaza afadhali wakate, nilale, nisiulizwe kitu. Nakuambia wewe kwa sababu huwezi kumwambia mtu.

Leo ni Jumamosi. Kesho kutwa ndiyo Jumatatu. Mumbua yuko mtoni na wenzake. Mama anatoka shambani, namwona anakung'uta jembe. Naweka kalamu chini. Nikirudi kwenye karatasi hii nikiwa sijamwambia, nitaichoma, kwa sababu itakuwa barua nyingine ya uongo.

Nimerudi.

Nimemwambia. Nilimsomea, Baba. Mdomo ulikataa kabisa, basi nikachukua hizi karatasi nikamsomea kwa Kikamba, nikigeuza mstari kwa mstari, kuanzia pale kwenye udongo. Sikuruka kitu. Hata ile ya mguu. Hata ile ya "basi hataona". Alikuwa amesimama na jembe mkononi. Nilipofika kwa Mzee Kioko na kofia yake akakaa kwenye kizingiti.

Nikamaliza. Kuku waliingia jikoni na hakuwafukuza, ujue basi.

Halafu akauliza, "Yote? Hata ya vidole viwili?"

Nikasema yote.

Akasema, "Alinipigia simu pale dukani kuniambia hiyo ya vidole viwili. Mtu ambaye hapigi simu hata ng'ombe akifa." Akafunika uso na leso. Nililia pia, lakini nilisimama mbali, sikujua kama naruhusiwa kumkaribia. Hakuniita. Nataka ujue hakuniita, sitaki kukuandikia kwamba alinikumbatia. Baada ya muda akainuka, akaniambia, "Jumatatu tutaenda. Utamwambia daktari wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa lugha yoyote unayotaka. Mimi wangu sitaufungua. Nimeusemea mdomo wako vya kutosha." Akaenda kufukuza kuku.

Sijui kama huo ni msamaha. Nadhani bado si msamaha. Anapika sasa, namsikia anaweka sufuria kwa nguvu.

Na daktari labda hataniamini. Nilimwambia ndiyo kwa Kiingereza safi, na sasa nije nimwambie hapana, atajuaje ipi ni ipi? Labda atasema miezi imepita, ile nyama imeshika, kilichobaki ni kisu. Labda nitakaa hivi, nikivishwa soksi na Mumbua mpaka aolewe. Naogopa. Sina neno la kukutuliza, Baba, na wewe huna la kunituliza mimi. Zamani nilikuwa nakungoja ujibu.

Jambo moja tu nakuahidi. Jumatatu nitaongea. Akiniuliza kwa sauti ya chini nitamjibu kwa sauti ya juu, wodi nzima isikie. Nitamwambia ni siku ngapi nilifanya na ni miezi mingapi sikufanya, nitamwambia ya leso, nitamwambia ya barua. Halafu akisema tuanze upya, nitaanza, hata wakija wanawake mia na majembe. Na akisema haiwezekani tena, nitasikia hilo nikiwa nimesimama, na nitamtafsiria Mama neno kwa neno.

Mumbua amerudi na maji. Jua bado lipo. Nimevua ile leso ya Anti nikaikunja nikaiweka juu ya kiti. Mama ametandika gunia nje mlangoni bila kunitazama, akarudi jikoni.

Nililala chini, nikavuta magoti. Mara tatu. Ya nne nikalia nikaacha. Nikasimama nikateremsha mikono na sikufika gotini, Baba, nimerudi juu ya goti, upana wa mkono mzima juu yake.

Hapo ndipo nilipo. Lala salama, baba yangu.

Ni mimi mtoto wako,
Mwende